Konokono wamejaa kwenye tangi la samaki: anza na chakula, mrututu uache dukani

Ukikuta konokono kwa makumi wanatambaa kwenye kioo cha tangi lako, na wewe ulinunua samaki tu, usikimbilie kuuliza uweke dawa gani, mrututu (salfeti ya shaba) au nyingine. Uliza kwanza wanakula nini. Mimi nafuga samaki wa mapambo hapa Mwanza, na Jumamosi huzunguka kuhudumia matangi ya watu wengine: la mapokezi ya zahanati moja, la gesti, la familia ya kule Nyegezi inayofuga gapi, wale samaki wadogo wa mapambo. Kote huko konokono ndio lalamiko la kwanza, na kote nimeona jambo lile lile. Idadi yao hufuata chakula kinachobaki. Palipo na mabaki mengi wanajaa, na pasipo na mabaki wanabaki wachache ambao huwaoni mpaka uwatafute.

Wanaingiaje? Mara nyingi kama mayai, ndani ya ute angavu uliobandikwa chini ya jani la mmea mpya. Wengine huja na maji ya mfuko wa samaki, wengine na wavu wa mkono uliotoka kuchovywa kwenye tangi jingine. Konokono mmoja anatosha, maana wengi wao wana jinsi zote mbili na anaweza kutaga mayai yanayoanguliwa bila kukutana na mwenzake.

Nitaeleza ninavyofanya, lakini kabla ya yote kuna jambo la usalama. Maelekezo mengi ya ufugaji yaliyoandikwa Ulaya na Marekani hayaligusi kwa sababu kwao si tatizo. Kwetu ni tatizo.

Kichocho kwanza

Mimea mingi ya matangi ya hapa Mwanza hainunuliwi. Mtu anashuka ufukweni, anavuta majani, anayatia kwenye ndoo na kurudi nyumbani. Ziwa Victoria linaota mimea mizuri, na sioni ubaya wa kuitumia. Ila konokono wanaobeba kichocho wanaishi kwenye majani hayo hayo. Kichocho cha tumbo hubebwa na konokono wa jenasi ya Biomphalaria, wenye gamba bapa lililojizungusha. Kichocho cha kibofu hubebwa na Bulinus, wenye gamba la mviringo lenye ncha fupi butu. Biomphalaria wapo ziwani. Bulinus utawapata zaidi kwenye madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga.

Konokono hazaliwi na ugonjwa. Huambukizwa pale kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa unapoingia majini, mayai ya minyoo yakaanguliwa, na kiluwiluwi kikampenya. Baada ya wiki kadhaa naye anaanza kutoa viluwiluwi vingine, vingi mno, ambavyo havionekani kwa urahisi na hupenya ngozi ya mtu akigusa maji. Konokono wa namna hiyo akihamishiwa kwenye tangi la sebuleni ataendelea kuvitoa hapo hapo sebuleni, hasa wakati wa mwanga, na wewe unatia mkono humo kupanga mawe.

Kwa hiyo, kwa tangi lolote lenye mmea au konokono aliyetoka ziwani, dimbwini au mtaroni, nashika masharti haya bila kuyalegeza.

Usinyonye mpira kwa mdomo ili maji yaanze kutoka. Naona watu wazima wanafanya hivyo mbele ya watoto wao, na ngozi ya ndani ya mdomo ni laini kuliko ya mkono. Jaza mpira wote maji ya bomba, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, zamisha ncha moja ndani ya tangi, ya pili ishushe kwenye ndoo iliyo chini, kisha achia. Maji yatashuka yenyewe.

Vaa glavu ndefu za mpira, zile zinazofika karibu na kiwiko. Glavu fupi za kuoshea vyombo huingiza maji kwa juu mara tu unapofika kwenye changarawe.

Mmea mpya kutoka ziwani uweke kwanza kwenye ndoo yake yenye maji, mahali ambapo mtoto hafiki. Toa kila konokono unayemwona, badili maji, kisha uuache siku mbili. Viluwiluwi vya kichocho vikikosa mtu wa kumpenya havifikishi zaidi ya hapo. Sharti lake ni kwamba ndani ya ndoo pasibaki konokono hata mmoja, kwa sababu akibaki ataongeza viluwiluwi vingine. Kila ukikuta konokono mpya, anza tena kuhesabu siku zako mbili.

Konokono wa ziwani usimponde, wala usimpe bata akiwa hai huku umemshika kwa mkono mtupu. Ukimponda unavimwaga viluwiluwi vilivyomo. Mwagie maji yanayochemka, mwache yapoe, kisha mfukie.

Upande wa nafuu ni huu: ugonjwa haupiti kwenye mayai. Konokono walioanguliwa ndani ya tangi lako, ambamo hakuna kinyesi wala mkojo wa mtu, ni safi. Anayetia shaka ni yule aliyehama kutoka nje akiwa tayari ameanguliwa. Na kama umekuwa ukitia mikono kwenye tangi la mimea ya ziwani kwa muda, nenda kituo cha afya, waeleze hivyo hivyo, na uombe kipimo. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na inafanya kazi.

Unao wa aina gani?

Huhitaji kuwa mtaalamu, lakini aina zinatofautiana kwa jinsi zinavyoshindwa, hivyo inafaa umtazame mmoja kwa karibu. Mtoe kwa kijiko, mweke kwenye kisahani cheupe chenye maji kidogo, subiri atoe kichwa.

Kama gamba ni bapa na mizunguko yake yote iko kwenye uso mmoja, huyo ni wa jamii ya Planorbidae. Wale wanaouzwa kama pambo, wekundu, wako kundi hili. Wekundu wao unatokana na damu yao, ambayo ina hemoglobini kama yetu. Biomphalaria wa kichocho pia ni wa jamii hii, na wakiwa wadogo kuwatenganisha kwa macho ni kazi ya maabara. Kama hujui alikotoka, mchukulie kuwa ni wa ziwani.

Kama gamba ni la mviringo lenye ncha, lishike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, ni Lymnaea au ndugu zake. Ukiwa kushoto, ni Physa au Bulinus. Physa acuta ndiye anayejaza matangi ya nyumbani duniani kote: asili yake ni Amerika ya Kaskazini, gamba lake ni jembamba, linang'aa na kupitisha mwanga, vipapasio vyake ni vyembamba kama uzi, na anakwenda kwa kasi. Kinachonipendeza kumtazama ni jinsi anavyoshuka kutoka juu ya maji kwa kufuata uzi wa ute alioufunga mwenyewe, akining'inia katikati ya tangi. Bulinus ana gamba zito zaidi na ncha butu. Tena nasema, ukitia shaka, vaa glavu.

Kama gamba ni refu, la umbo la pia, rangi ya kahawia lenye vidoti vyekundu, na mchana humwoni kabisa ila usiku anajaa, huyo ni Melanoides tuberculata. Yeye hatagi. Huzaa watoto walio hai, na jike hahitaji dume. Mchana wote yuko chini ya mchanga. Ni mwenyeji wa Afrika na Asia na utamkuta kwenye maziwa yetu, kwa hiyo mchanga wa ufukweni unaweza kuwa naye hata kama hujaleta jani lolote. Gamba lake ni gumu, na ana kifuniko mlangoni ambacho anakifunga hali ikiwa mbaya. Ndiye mgumu kuliko wote.

Kuna mwingine ambaye sitaki umwone ukanyamaza: mkubwa, wa saizi ya ndimu au zaidi, anayetaga mafungu ya mayai ya rangi ya waridi juu ya usawa wa maji. Nchini Kenya konokono wa jenasi ya Pomacea aliingia kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, akatambuliwa mwaka 2020, na wakulima wanalia naye mpaka leo. Baadhi ya ndugu zake huuzwa kama pambo. Mimi simfugi na simshauri mtu amfuge karibu na mto au shamba.

Nani anawalisha hawa samaki?

Tangi la zahanati lilikuwa na Physa kiasi kwamba kioo cha nyuma kilikuwa hakionekani vizuri. Nilimkuta dada wa mapokezi.

"Shikamoo haina umri, kaka, lakini hawa wadudu wamenishinda. Tuwekee dawa."

"Tutaona, dada. Nani anawalisha samaki?"

"Mimi, asubuhi nikifungua."

"Na mchana?"

"Mchana naona mlinzi huwa anawapa, anasema wanamfuata kwenye kioo."

"Jioni?"

Akacheka. "Jioni ni watoto wa wagonjwa. Biskuti, chapati, chochote."

Basi dawa ilikuwa hapo hapo mezani: zile bahasha ndogo za kufungia vidonge. Tulichukua saba, tukaandika Jumatatu hadi Jumapili, na kila moja tukatia chakula cha siku moja tu, isipokuwa ya Jumapili ambayo tuliiacha tupu. Kopo la chakula likafungiwa kabatini. Bahasha ikiwa tupu, samaki wameshakula, hakuna wa kuuliza. Mlinzi alinung'unika siku za mwanzo kwamba tunawatesa. Samaki wazima, waliokomaa, hawateswi na siku moja bila chakula. Mimi siku hiyo huihesabu kama sehemu ya usafi wa tangi.

Kiasi? Kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Simama uwaangalie mpaka wamalize. Punje zikianza kushuka chini bila kufuatwa, umeshazidisha, na kesho punguza. Vifaranga vya samaki hula mara nyingi zaidi, lakini kidogo kidogo, na tangi lao usafishe kila siku.

Hapa Mwanza kuna chakula kimoja cha kuangalia sana. Dagaa wa kusaga ni rahisi, kwenye soko la Mwaloni Kirumba wamejaa, na samaki wanawapenda. Tatizo ni vumbi. Dagaa waliosagwa kwa kinu wanakuwa unga mwembamba ambao nusu yake samaki hawaukamati, unashuka kati ya changarawe, unaoza, na hapo Melanoides anapata karamu ya mwezi mzima. Ukitaka kuwapa dagaa, wapepete kwa chujio la chai kwanza. Kilichobaki juu ya chujio wape samaki, unga uliopita mimina bustanini.

Kuwaondoa walioko

Chakula kikishapungua, konokono wenyewe hupungua kasi ya kuzaa, na vichanga wengi hawafiki ukubwani. Lakini hutaki kungoja hivyo tu. Fanya mambo mawili kwa pamoja: ondoa mabaki yaliyokwishazama, na watege.

Kuondoa mabaki ni kazi ya mpira. Tumia mpira angavu wa nusu inchi ili uone kinachopita. Choma ncha yake ndani ya changarawe, acha uchafu uinuke na kwenda, ukiona changarawe zinapanda ziba kidogo kwa kidole upande wa ndoo zianguke, kisha sogea. Gawa sakafu ya tangi mafungu matatu na usafishe fungu moja kila wiki, ukitoa theluthi moja ya maji. Usisafishe zote siku moja, maana bakteria wanaovunja sumu ya mkojo wa samaki wanaishi humo. Maji mapya ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini, au yalale kwenye ndoo wazi usiku mzima kama una hakika mamlaka yako ya maji hutia klorini ya kawaida.

Fungua na filta. Watu wanasahau kabisa kwamba filta ni nyumba yao: kuna giza, kuna chakula, hakuna samaki. Kama pampu imeanza kukwaruza, mara nyingi ni konokono mdogo kwenye panga lake. Sifongo ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyotoa ndani ya tangi, si bombani.

Mtego ninaoupenda ni wa mboga. Kata kipande cha tango unene wa kidole, au chovya majani mawili ya mchicha kwenye maji ya moto kwa dakika moja yalainike. Kichomeke kwenye uma wa chuma cha pua ili kizame. Weka usiku baada ya kuzima taa, katikati ya tangi, mahali ambapo mkono wako unafika bila kugusa mimea. Alfajiri, kabla hujawasha taa, nyanyua uma taratibu huku wavu ukiwa chini yake, kwa sababu wengi hujiachia wakihisi mtikisiko. Usiku wa kwanza kwenye tangi lililojaa unaweza kuona tango limefunikwa, huoni kijani tena, ni magamba tu yanayosogea. Rudia kila usiku. Tango lisikae mchana, litaoza na kuwa chakula kipya.

Samaki wako wakiwa wanakula tango lenyewe, tumia chupa. Chukua chupa ndogo ya maji ya kunywa, kata sehemu ya shingo, igeuze na kuipachika ndani ikiangalia chini ya chupa. Tia kijiwe kwa uzito na kipande cha mboga ndani. Konokono wataingia kwa kufuata harufu, samaki wakubwa hawatapita. Kwa tangi lenye gapi wadogo usitumie chupa, wataingia na kushindwa kutoka.

Mayai yanahitaji jicho. Washa tochi ya simu, iweke upande wa pili wa kioo, uilaze ili mwanga upite kwa ubavu. Utaona vipande vya ute, urefu wa milimita chache hadi sentimita moja na ushee, na ndani yake nukta nyingi zilizopangika. Ukitazama kwa utulivu mayai yakiwa yamekaribia kuanguliwa, utaona kila nukta inazunguka polepole ndani ya yai lake. Ni konokono kamili, mwenye gamba. Kwangua kwa kadi ya zamani ya benki na uuvute ute ule kwa mpira usibaki ndani. Chunguza chini ya majani, kwenye waya wa hita, na nyuma ya filta. Kwa joto la maji ya hapa kwetu, mayai huanguliwa kwa wiki moja hadi mbili, ndiyo maana kukwangua mara moja hakusaidii. Zunguka kila baada ya siku nne au tano.

Jiandae kwa jambo ambalo huwavunja watu moyo. Mara tu ukipunguza chakula, utaona konokono WENGI zaidi, si wachache. Wana njaa, wanatoka mchana kutafuta. Hiyo ndiyo saa ya kuongeza mitego. Kwa matangi ninayohudumia, mabadiliko ya kweli huonekana baada ya mwezi na kuendelea, si wiki.

Waliozaliwa ndani ya tangi, ambao una hakika nao, waponde kwa ubapa wa kijiko na uwape samaki wako. Hakuna chakula kizuri kuliko hicho. Wasipowataka, bata wa jirani anawataka.

Samaki wanaokula konokono

Watu hupenda kuambiwa jina la samaki mmoja atakayemaliza kazi. Wapo wanaosaidia. Kuna botia kutoka Asia, ambao huwanyonya konokono kutoka kwenye gamba, lakini yule mzuri wa mistari myeusi na rangi ya chungwa, Chromobotia macracanthus, hukua hadi sentimita 30 na hukaa kwa kundi. Kumtia kwenye tangi la lita 60 ni kumwonea. Kuna konokono anayekula konokono wenzake, Anentome helena, mwenye mistari ya njano na kahawia. Huyo namsifu: hajai haraka, na anafukua mchangani alipo Melanoides. Atakula pia konokono wako wa pambo, na ni mgeni kabisa kwenye nchi hii, hivyo asitoke nje ya tangi.

Wenzangu wa huku huniuliza kuhusu furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ziwani mwetu kweli yuko furu mla konokono, Astatoreochromis alluaudi. Kooni ana taya la pili lenye meno bapa mazito, na kwa hilo anaponda hata gamba la Melanoides. Aliwahi kupelekwa kwenye mabwawa ya nchi nyingine, Kamerun ikiwemo, kwa matumaini kwamba atamaliza konokono wa kichocho, na matumaini hayo hayakutimia. P. H. Greenwood, mtaalamu wa furu aliyewahi kufanya kazi Jinja, Uganda, alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki huyu akikuzwa kwa chakula laini, taya lile na meno yake havinenepi kama vya wenzake wa ziwani. Maana yake kwa mfugaji ni wazi: furu uliyemkuza kwa chakula cha kopo hana kinu cha kupondea. Isitoshe ni mgomvi na gapi wako atawameza.

Kwa samaki yeyote, aliyeshiba hawindi. Tunarudi kwenye bahasha.

Mrututu na dawa nyingine za shaba

Mrututu unapatikana maduka ya pembejeo, bei rahisi, na ni kweli unaua konokono. Siutumii, na sababu yangu kubwa ni maji yetu. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na ni laini, yana chokaa kidogo sana. Utaliona hilo kwenye konokono wenyewe: wale wakubwa wana ncha nyeupe iliyolika, gamba linamumunyika. Katika maji laini shaba ni kali zaidi kwa samaki, na tofauti kati ya kipimo kinachoua konokono na kinachoua samaki inakuwa ndogo mno kwa mtu anayepima kwa ncha ya kisu. Kamba na uduvi hufa wa kwanza.

Hata ukipatia kipimo, kuna kinachofuata. Konokono mia kadhaa wakifa usiku mmoja ndani ya changarawe wanaoza pamoja, amonia inapanda, na asubuhi samaki wanahema juu ya maji. Shaba nayo hujishika kwenye changarawe, hivyo ukitaka kufuga kamba baadaye, tangi linaweza kuwakataa. Dawa nyingi za dukani za kuua konokono ni shaba hiyo hiyo kwenye chupa nzuri. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Chumvi vilevile haisaidii: Melanoides anavumilia maji yenye chumvichumvi zaidi ya mimea yako.

Kuosha mimea mipya

Shabu ya kawaida, ile inayouzwa sokoni kwa vipande, ndiyo ninayoianza. Isage, koroga vijiko viwili vya chakula kwenye lita nne za maji mpaka iyeyuke, loweka mmea kwa muda wa saa 3 au zaidi, hata usiku kucha kwa mimea yenye majani magumu. Suuza vizuri. Inaua wadogo na mayai mengi, na mimea mingi huivumilia.

Jiki ni kali zaidi. Sehemu moja ya jiki isiyo na manukato kwa sehemu 19 za maji, mmea uzame dakika moja na nusu, mbili ukiwa wa majani mazito kama anubia, usipitilize. Kisha suuza, na uloweke kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini mpaka harufu iishe kabisa. Mimea laini ya ziwani, ile ya majani marefu ya utepe na ile ya vijani vya sindano, itayeyuka. Hiyo itie kwenye shabu tu.

Baada ya hapo mmea ukae kwenye ndoo ya pembeni wiki tatu. Mayai yaliyopona yataanguliwa humo na utawaona.

Na mchanga wa ufukweni? Uchemshe. Kuuanika juani hakutoshi, kwa sababu Melanoides hufunga mlango wake, na Bulinus wana desturi ya kulala ndani ya tope lililokauka kiangazi kizima na kuamka mvua zikinyesha. Mawe yetu ya Mwanza usiyachemshe kwenye sufuria, jiwe lililoficha maji ndani linaweza kupasuka. Yapange kwenye beseni na uyamwagie maji ya moto.

Kumwaga maji

Usimwage maji ya tangi ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Sangara aliletwa, gugumaji liliingia, na kila mvuvi wa hapa anajua gharama yake. Konokono wa pambo au Anentome kutoka tangi la mtu mmoja asiwe wa tatu. Mimi huyapitisha maji kwenye kitambaa cha khanga kuukuu kilichofungwa mdomoni mwa ndoo, kilichobaki kwenye kitambaa nakimwagia maji yanayochemka, na maji yenyewe nayapeleka kwenye migomba, ambayo inayapenda kwa mbolea yake.